Maji ya jinzi yametakata kwa umeme lakini maabara yasema bado machafu, tumekosea wapi?

FundiMiritini

Assalam aleikum wana jukwaa, naomba msaada kwa wanaojua haya mambo manake nimekwama.

Nafanya kazi karakana ya kuosha jinzi huku bara, upande wa Miritini, Mombasa. Si kiwanda kikubwa, tuna mashine nne na tunatoa maji kama lita elfu sita kwa siku. Suruali zikija zina ule wanga wa kitambaa kipya, tunautoa kwanza kwa enzaimu kwenye maji moto, halafu zinasuguliwa na mawe ya pamisi, halafu suuza mara mbili tatu, na zile za mtindo wa kupauka zinapigwa pamanganeti. Maji yanatoka buluu imekoza kama wino na chini yana mchanga wa yale mawe. Miaka yote yalikuwa yakipita shimo la kutulia kisha mfereji, na mfereji mwajua huku kwetu huishia wapi, mikokoni. Mwaka huu bosi amesema lazima tuyasafishe na akaniachia mimi nitafute njia.

Nikasoma kuhusu kusafisha maji taka kwa umeme, nikajaribu. Nimechukua pipa la lita 60, nikatia pleti sita za aluminiamu, sehemu inayozama ni sentimita 20 kwa 25, zimeachana kama sentimita moja na nusu, nikafunga moja chanya moja hasi mpaka mwisho, chaja ya betri za lori volti 12. Siku ya kwanza ampia zilisimama 25. Wallahi niliyoyaona sikuyaamini. Nilichota kwa bilauri kila baada ya dakika tano nikaishika mbele ya taa ya tyubu, kwanza ni wino tu, dakika ya kumi ukaanza kuona vipunje vya buluu kama masizi vinashikana, vikawa vyapanda juu vyenyewe na povu, na nusu saa maji ya chini yakawa meupe kabisa waona vidole vyako upande wa pili.

Shida zimeanza baadaye. Wiki ya pili ampia zikashuka mpaka 8 na volti ni zile zile, pleti zimeota ukoko mweupe, maji yanatoka na ukungu wa buluu. La pili ndilo limenivunja moyo zaidi, nilipeleka sampuli ya siku ya kwanza, yale maji meupe, maabara ikasema COD (kipimo cha oksijeni inayohitajika kuchoma uchafu ulio majini, miligramu kwa lita) kabla 1,400 na baada 790. Yani kwa macho ni maji ya kisima lakini karatasi yasema hapana.

Tena kuna muuzaji amemwendea bosi na mtambo wake, asema pleti zake ni za taitaniamu haziliki, ati zatoa kila kitu asilimia 99. Bosi ameanza kumpenda. Nimwambie nini? Na kuna rafiki yangu amenishauri nitumie pleti za betri kuukuu badala ya aluminiamu kwa sababu ziko bure. Karibuni.

Mzee_wa_Kilindini

Aleikum salam kijana wangu. Kabla ya hayo ya COD, hilo pipa umeliweka wapi? Una kifuniko? Umeandika povu lapanda juu, hilo povu limejaa haidrojeni. Nimefanya umeme wa meli miaka mingi na chumba cha betri kwenye meli hakikosi feni, sababu ni gesi hiyo hiyo. Chaja yako ikitoa ampia 25 kwa saa nzima wapata kama lita 11 za haidrojeni. Yaonekana kidogo, lakini hiyo gesi ikiwa asilimia 4 tu ya hewa ya mahali tayari yashika moto, na haina harufu wala rangi ya kukuonya. Ukiwa na stoo imefungwa usiku na asubuhi mtu akaja kuchomoa klipu chaja ikiwa imewashwa, cheche moja yatosha. Toa pipa nje chini ya banda lililo wazi, usifunike, na ukitaka kuchomoa zima swichi ukutani kwanza. Vaa na raba, sakafu ya mahali pa kuosha nguo huwa imelowa siku zote.

Halafu nikwambie usivunjike moyo, hii njia si ya kubahatisha. Mtu aitwa J. T. Harries alipata hataza yake Marekani tangu 1909, pleti za aluminiamu na chuma. Kwenye meli pia kuna mitambo ya namna hii ya kutenga mafuta na maji ya chini ya injini, kwa sababu sheria ya bahari hairuhusu kumwaga maji yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni. Mafuta yaliyochanganyika mpaka maji yakawa kama maziwa, umeme huyashika.

MkemiaPwani

Kaka swali zuri sana na umepima vitu ambavyo wengi hawapimi, kwa hiyo naweza kukujibu kwa hesabu zako mwenyewe.

Kinachotokea pipani ni hivi. Pleti ya chanya inalika, aluminiamu inaingia kwenye maji, inakutana na maji inakuwa kitu kama jeli, na hiyo jeli ndiyo inanasa uchafu. Ni kazi ile ile ya shabu ambayo mama zetu hutia kwenye mtungi wa maji ya mvua, tofauti ni kwamba wewe unaitengeneza pale pale kwa umeme na huongezi chumvi ya salfeti kwenye maji. Pleti ya hasi inatoa vile viputo vya haidrojeni alivyosema mzee na ndivyo vinavyobeba tope juu. Ampia moja kwa saa moja inayeyusha gramu 0.34 hivi za aluminiamu, ingekuwa chuma ni gramu 1.04. Wewe ampia 25 kwa nusu saa umeyeyusha gramu 4.2, ndani ya lita 60 hiyo ni miligramu 70 kwa lita, dozi nzuri tu. Ampia zikishuka mpaka 8 dozi yako ni kama miligramu 22, ndo maana ukungu umebaki. Saa haikubadilika, pleti hazikubadilika, dawa ndiyo imepungua na hukuiona inapungua. Kwa hiyo usihesabu dakika peke yake, hesabu ampia mara dakika.

Sasa ukoko. Unaweza kuwa vitu viwili na dawa zake si sawa. Hebu toa pleti zote, uzipange chini kulingana na zilivyofungwa, kamulia ndimu kwenye ule weupe. Ukitoa mapovu yanachemka ni chokaa ya maji, na sitashangaa, visima vyetu vingi hapa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake magumu, sabuni yenyewe haitoi povu. Chokaa hii hukaa upande wa hasi. Usipochemka ni oksaidi ya aluminiamu yenyewe, hiyo hukaa upande wa chanya na inazuia umeme kama ngozi. Chokaa ioshe kwa asidi nyepesi, ukiwa na glavu na miwani, na asidi uimimine kwenye maji, usifanye kinyume. Oksaidi huvunjwa na chumvi, kloraidi inaitoboa, kwa hiyo ukiwa na kisima cha maji ya chumvi changanya kidogo kidogo huku ukiangalia ampia. Zaidi ya hayo fanya swichi ya kugeuza chanya na hasi kila baada ya dakika 15 au 20, yani pleti zinapokezana kulika na kujisafisha. Mtambo wowote wa kweli una hicho kitu.

pH umepima, yani kipimo cha asidi na magadi ya maji? Maji ya jinzi mara nyingi yana magadi au soda ndani, yakipita 9 ile jeli inaanza kuyeyuka tena na aluminiamu inabaki kwenye maji, umetoa buluu umeweka kingine. Nunua zile karatasi za kupima, kaa kati ya 6 na 8.

Turudi kwenye COD manake hapo ndipo penye swali lako hasa. Indigo, ile rangi ya buluu ya jinzi, ikishaungana na hewa haiyeyuki kwenye maji, ni vumbi laini sana linaloelea. Kitu kinachoelea hushikika, ndo ukaona ile ajabu kwenye bilauri. Lakini umesema wanga mnautoa kwa enzaimu. Enzaimu inaukatakata wanga unakuwa sukari na jamaa zake, na sukari imeyeyuka, haina rangi, haina umbo la kunaswa, inapita katikati ya jeli kama hakuna kitu. Hiyo 790 yako kwa sehemu kubwa ni wanga. Ukitia umeme masaa matatu utakula pleti na bili tu, haitashuka sana. Na mjue sukari hiyo ikifika mkondoni, vijidudu vinaila na vinamaliza oksijeni ya maji, samaki hawaangalii kama maji ni meupe.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningeanza na bomba kabla ya umeme. Yale maji ya kwanza ya kutoa wanga ni machache, labda sehemu moja kwa kumi ya yote, yatenge yaende tangi lake. Yale ni chakula cha bakteria, tangi lenye pampu ya hewa siku mbili tatu yanakwenda chini vizuri, au yachukuliwe na ekzosta (lori la kunyonya maji taka) mwenye leseni. Maji ya kusugua na kusuuza ndiyo uyapeleke kwenye umeme. Mnachokifanya sasa ni kuchanganya vyote pamoja halafu mnatafuta dawa moja ya magonjwa mawili.

Na jaribu shabu pembeni. Ndoo ya shabu na ndoo ya umeme, maji yale yale, siku ile ile. Nasema hivi na mimi ni mtu napenda umeme sana, lakini kwa lita elfu sita inaweza kutokea shabu ikawa rahisi kwenu. Umeme kwa vipimo vyako ni kama uniti 2.5 kwa kila lita elfu, yani 15 kwa siku, ongeza gramu 420 za aluminiamu. Zidisha kwa bei yenu mwone. Umeme unashinda kwenye tope kuwa dogo na kwenye mkono wa mtu kutokosea kipimo, shabu inashinda siku umeme unapopotea.

BintiOwino

Mimi sijui kemia nyingi lakini hilo la pleti za betri kuukuu nakuomba kaka yangu, nakuomba sana, usiguse. Nimekulia karibu na Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilituachia madini ya risasi kwenye udongo, kwenye mabati ya nyumba, kwenye damu za watoto, na korti hapa Mombasa mwaka 2020 iliamua watu walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa haimrudishii mtoto akili. Ukichovya pleti ya betri kwenye maji ukaitia umeme risasi inaingia kwenye maji na kwenye tope, halafu wewe ndiye unayelishika kwa mikono. Mwambie rafiki yako bure hiyo si bure.

MkemiaPwani

Dada amesema kweli yote, sina la kuongeza kwenye risasi. Niongeze tu na mabati ya nyumba msitumie, yale yana zinki juu, itayeyuka iingie majini. Na aluminiamu ya vyuma vya injini ina shaba na vingine ndani. Nunua shiti safi isiyopakwa rangi.

FundiMiritini

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Pipa nimelitoa nje leo asubuhi, lilikuwa stoo na nilikuwa nalifunika na mbao usiku, nimesoma ujumbe wa mzee mwili ukasisimka. Pleti za betri nimemrudishia mwenyewe na nimemweleza kwa nini.

Ndimu nimefanya. Zile tatu za hasi zimechemka mpaka zasikika, za chanya kimya. Kwa hiyo nina yote mawili. Swali la muuzaji bado, hizo za taitaniamu zisizolika je?

Kombo_Majitaka

Hapo nijibu mimi nimewahi kuhudumia mtambo wa hivyo kwa mwajiri wa zamani. Fikiria alivyosema mkemia, pleti inapolika ndipo dawa inapatikana. Sasa isiyolika dawa itatoka wapi? Hiyo ni njia nyingine kabisa. Taitaniamu yenye mipako ya rutheniamu au iridiamu kazi yake ni kuchoma uchafu pale juu ya pleti, na kwenye maji yenye chumvi inageuza kloraidi kuwa klorini, kitu kile kile cha jiki. Ndivyo meli na mitambo ya kando ya bahari wanavyojitengenezea dawa ya kuzuia viumbe visiote ndani ya mabomba, maji ya bahari na umeme tu. Si utapeli, ni teknolojia nzuri sana mahali pake.

Lakini kwa jinzi angalieni. Itatia jiki kwenye indigo na buluu itapotea mbele ya bosi wako, dakika chache tu, atapiga makofi. Rangi imevunjwa, vipande vyake vimebaki majini, na klorini ikikutana na vile vilivyobaki inatengeneza vitu vyenye klorini ndani yake ambavyo ni vibaya kuliko rangi. Kule nilikokuwa tulikuwa na maji meupe kama ya chupa na harufu ya bwawa la kuogelea, na nilikuwa nayafungulia yaende kila jioni nikidhani tumemaliza kazi. Lilinisumbua sana nilipokuja kuelewa.

Muulizeni muuzaji mambo mawili, atie maji YENU si ya kwake kwenye mtambo, na sampuli ipelekwe na nyinyi maabara ya nyinyi kuchagua, COD na klorini iliyobaki. Akikataa mmejua. Hiyo 99 bila kusema ni asilimia 99 ya nini haina maana yoyote, ya rangi naweza kuamini, ya COD ya wanga siamini.

Na lingine hamjaligusa, maji yanaenda wapi mwisho? Kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 ziliweka BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu) 30, COD 50 na vitu vinavyoelea 30, miligramu kwa lita, kwa anayemwaga kwenye mazingira. COD 50 ni kidogo sana, umeme peke yake hautawafikisha. Anayemwaga kwenye bomba la maji taka anapewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu bado kuna mtambo mbele. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote ulizeni kama laini ya kwenda mtambo wa maji taka wa Kipevu iko karibu nanyi na mnaweza kuruhusiwa, hilo peke yake linaweza kubadilisha hesabu yote. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao waendeeni mkachukue jedwali linalotumika sasa, msitegemee la mtandaoni.

Tope pia msilitupe. Lile povu la buluu likikauka ni indigo, aluminiamu, na manganizi ya ile pamanganeti. Likaushe kwenye kitanda cha mchanga chenye paa, masika ikianza likiwa wazi linarudi mferejini lote siku moja, kisha lichukuliwe na mwenye leseni ya taka.

Mama_Jomvu

Nimesoma yote mpaka chini. Mimi nakaa Jomvu Kuu na mume wangu huenda mkondoni kutega kaa na kamba. Kuna siku nyavu hurudi na rangi, nikizifua hazitoki. Sijui ni ya nani na simtaji mtu. Mwanangu uliyeuliza, nimefurahi kwamba yupo mtu kwenye hizo karakana anayekesha na bilauri mbele ya taa akiangalia maji. Endelea.

FundiMiritini

Mama yangu nimeupokea ujumbe wako, nimemsomea na bosi.

Nimerudi na majibu baada ya wiki tatu. Pleti nimeziosha, nimeweka swichi ya kugeuza kila dakika 15, nimechanganya maji ya kisima cha chumvi kidogo, ampia zimerudi 24 na hazijashuka chini ya 22 mpaka leo. pH ilikuwa 9.6, sasa naishusha mpaka 7.5 kabla ya kuwasha. Bosi alikubali tutenge bomba la mashine ya wanga, kazi ya siku moja ya fundi bomba. Maji ya kusugua na kusuuza peke yake, COD kabla 520, baada ya umeme 140. Ya wanga peke yake ni zaidi ya 6,000, sikuamini nikawapigia maabara simu kuuliza kama wamekosea sifuri.

Ndoo ya shabu nayo ilitakata, ilichukua muda zaidi na tope lake lilikuwa karibu mara mbili kwa kuliangalia, lakini ilitakata. Kwa hiyo bosi amesema tuwe na gunia la shabu la siku umeme ukipotea.

Muuzaji alipoambiwa alete mtambo apitishe maji yetu alisema atapiga simu. Hajapiga.

Sasa nina tangi la lita elfu mbili la wanga na pampu ya hewa tumeazima, harufu yake siku ya kwanza majirani walilalamika. @MkemiaPwani nianze na bakteria wa wapi, nichukue tope la shimo la choo au kuna njia bora?